Masenta wa Kiafrika NBA: namba moja hatubishani, ngoma iko namba mbili

Kwanza niweke sheria mapema maana nawajua, mtu atakuja na Wembanyama kisa baba yake Mkongo, mwingine ataleta Bam Adebayo kisa jina la Kinaijeria, hapana. Hapa nahesabu waliozaliwa Afrika tu na wakacheza senta (yule mrefu wa chini ya ringi) NBA, ligi ya basketi ya Marekani. Capela mwenyewe kazaliwa Uswisi, akae pembeni. Na nawapima kama mtu anavyopima friji kabla hajatoa hela yake: inagandisha kweli? inadumu? na siku una wageni itawaka au ndo itazima? Mambo ya mafolowa na viatu vyake vinauzwaje siyaangalii kabisa.

Haya.

Hakeem Olajuwon namba moja, nyota 5 kati ya 5, na anayebisha nahisi hajawahi kumuona anacheza. Kazaliwa Lagos 1963, utotoni alikuwa golikipa na mcheza handiboli, basketi kaja kuigusa ana miaka kama 15 hivi, na ukiangalia miguu yake unaona kabisa ule ukipa haukupotea, jamaa karibu futi 7 lakini anageuka haraka kuliko magadi wengine (wale wafupi wanaopanga mchezo). Houston Rockets wakamchukua wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 1984 (timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu), drafti ambayo Michael Jordan alichukuliwa wa 3. Portland waliomchukua Sam Bowie namba 2 wanachekwa mpaka leo. Houston hakuna anayewacheka. Yaani umempita Jordan, na miaka 40 baadae hakuna anayekulaumu, hiyo peke yake inatosha kuwa rivyuu.

Bloku, yaani kuuzuia mpira hewani mtu akirusha, 3,830, hakuna aliyefika hapo (ndio najua bloku zilianza kuhesabiwa msimu wa 1973/74 kwahiyo Bill Russell na Wilt Chamberlain hawamo, msinijazie). Ila mimi bloku zake hazinishangazi sana, kinachonishangaza ni kwamba mtu huyohuyo aliiba mipira zaidi ya mara 2,000. Senta! Hakuna mwingine kwenye historia ya ligi mwenye bloku 2,000 na mipira ya kuiba 2,000. Alafu 1994 akabeba MVP (mchezaji bora wa msimu), mlinzi bora wa mwaka na MVP wa fainali, vyote msimu mmoja, na hapo napo yuko peke yake.

Lakini namba ziacheni kidogo. Nendeni mkaangalie Rockets na San Antonio Spurs, fainali ya konferensi ya Magharibi 1995 (mshindi ndo anaenda fainali ya NBA). Mwaka ule MVP alipewa David Robinson, senta wa Spurs, na kombe lake akakabidhiwa pale San Antonio kabla ya mechi ya 2, Hakeem yupo anaangalia. Mechi ikaanza. Kuna mpira mmoja Hakeem anapokea kwenye post (karibu na ringi, kaipa mgongo), anadribo kuelekea mstari wa nyuma, Robinson anamfuata, Hakeem anageuka kurudi kati, Robinson anarudi naye, anauinua mpira kama anarusha, Robinson anaruka juu mzima mzima, na Hakeem hajaruka, bado miguu iko chini, anapita kwa chini yake taratibu anauweka ringini. Robinson anatua anatafuta mtu hamuoni. Hiyo ndo Dream Shake. Usiku ule alimaliza na pointi 41, mfululizo wote alipiga wastani wa 35.3 juu ya mtu ambaye wamemwambia ndo bora duniani, Rockets wakapita 4-2. Fainali wakakutana na Orlando ya senta Shaq, 4-0. Na timu yenyewe iliingia pleiofu (hatua ya mtoano) ikiwa ya 6 Magharibi, hakuna bingwa mwingine aliyewahi kutokea chini hivyo.

Na kwa ndugu zangu Waislamu hii lazima niiseme: jamaa alikuwa anashika saumu ya Ramadhani katikati ya msimu, mechi za mchana hanywi hata maji. Mwaka huohuo wa 1995 Ramadhani ilidondokea Februari, na mchezaji bora wa mwezi Februari akawa yeye. Sisi hapa mtu akifunga hata mazoezi ya jioni haji.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Namba mbili.

Vijana wote wanasema Embiid na sababu zao nazielewa. Joel Embiid, kazaliwa Yaoundé 1994, kakulia kwenye voliboli, 2011 akaonekana kwenye kambi ya Mkameruni mwenzake Luc Mbah a Moute, miaka mitatu tu baadae anachukuliwa wa 3 kwenye drafti. Kama ni kufunga, baada ya Hakeem hakuna Mwafrika anayekaribia, na pengine hata Hakeem mwenyewe kwa mikono mitupu ya ufungaji kaachwa. Kaongoza ligi kwa pointi misimu miwili mfululizo, 30.6 halafu 33.1, kachukua MVP 2023, na Januari 2024 kawapiga Spurs pointi 70 Wembanyama akiwepo uwanjani, akavunja rekodi ya timu yake, Philadelphia 76ers (Sixers), ya pointi 68 iliyokuwa ya Wilt. Anarusha pointi 3, anacheza post, anapiga ile jampa (mtupo wa kuruka) ya kutoka kona ya mstari wa mtupo huru ambayo uwe na urefu gani, huna la kuifanya. Sikatai.

Ila rudini kwenye sheria zangu. Inadumu? Misimu yake miwili ya kwanza hakucheza hata dakika moja, mguu. Msimu wa 2023/24, msimu uleule wa pointi 70, mechi 39. Uliofuata, mechi 19. Mpaka unaisha huo wa 2024/25 miaka 11 imepita tangu adraftiwe na mechi zake hazijafika 500. Na katikati hapo, Septemba 2024, kapewa mkataba wa nyongeza wa dola milioni 192.9. Mimi ningekuwa ndo mhasibu wa Sixers ningekuwa nalala na panado kichwani.

Na siku ya wageni je? Hajawahi kufika fainali ya Mashariki. Sio fainali ya NBA, nasema fainali ya konferensi, hajawahi. 2019 mechi ya 7 Toronto ile ya Kawhi Leonard, mpira ukadunda mara nne juu ya ringi ukaingia, mkono uliokuwa umeinuka mbele ya Kawhi ni wa Embiid, akatoka analia, hapo hata mimi nilimuonea huruma maana aliufanya ulinzi vizuri, bahati tu. Lakini 2021 wakafungwa mechi ya 7 nyumbani na Atlanta. 2023 wakawa wanaongoza Boston 3-2, MVP yuko mfukoni, wakapoteza ya 6, ya 7 wakachapwa 112-88 na Embiid pointi 15. Jayson Tatum peke yake 51. Bahati mbaya haiji kila mwaka mwezi wa tano, bana.

Na kuna jambo lingine linanikera binafsi, mitupo huru, ile ya bure baada ya faulo. Msimu wa MVP alikuwa anaenda kwenye mstari zaidi ya mara 11 kwa mechi. Unakaa saa tisa usiku kuangalia basketi unaishia kuangalia mtu mmoja anadundadunda mpira anafuta jasho anarusha. Kanuni zinamruhusu, sawa, ila rivyuu ni yangu.

Upande wa pili Dikembe Mutombo, Mungu amrehemu, alifariki Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo ana miaka 58. Mtoto wa Kinshasa, alienda Georgetown kusomea udaktari, makocha wakamuona ule urefu wa futi 7 na inchi 2 basi habari ya udaktari ikaishia pale. Denver wakamchukua wa 4 mwaka 1991.

Najua mtakachosema: wastani wa pointi 9.8, mikono migumu, hana jampa, akishika mpira mashabiki wake wenyewe wanashika roho. Kweli tupu. Hooku yake (mtupo wa mkono mmoja juu ya kichwa) ilikuwa inauma macho kuiangalia. Lakini friji kazi yake kugandisha sio kupiga mziki, na kazi iliyoandikwa kwenye boksi la Mutombo ni moja, kuwa usiingie chini ya ringi, na hiyo kazi kaifanya misimu 18. Mlinzi bora wa mwaka mara 4, 1995, 1997, 1998 na 2001. Bloku 3,289, wa pili kwenye historia nyuma ya Hakeem, yaani mbili za juu kabisa ni Lagos na Kinshasa. Mechi karibu 1,200. Linganisheni na yule mwingine.

Na siku ya wageni aliwaka. 1994 Denver wanaingia pleiofu wa 8 kabisa, ushindi 42, wanakutana na Seattle ya Gary Payton na Shawn Kemp yenye ushindi 63, raundi ya mechi tano enzi hizo. Seattle wakashinda mbili za kwanza, wote tukajua, au wote walijua maana mi nimekuja kuziangalia baadae, kwamba basi kwisha. Denver wakashinda tatu mfululizo. Mutombo bloku 31 kwa mechi tano, kwenye ya mwisho peke yake 8, ikaenda muda wa nyongeza 98-94. Timu ya 8 kumtoa wa 1 ilikuwa haijawahi kutokea. Mwisho wa mechi ribaundi ya mwisho (mpira uliokosa ringi) kaidaka yeye, akaanguka chini chali, mpira kaushika kwa mikono miwili juu ya kichwa, anacheka mdomo wazi meno yote nje hataki kunyanyuka, wenzake wanamvuta yeye bado yuko chini na mpira wake. Hiyo picha kwangu ina uzito kuliko pointi 70.

2001 wakampeleka Philadelphia katikati ya msimu, wakafika fainali na nyota wao Allen Iverson. Ndio, Shaq alimpiga pointi 33 kwa mechi, Lakers wakashinda 4-1, lakini Shaq wa 2001 nani alimzuia? Na 2003 akaenda fainali tena na Nets. Embiid amekuwa hapohapo Philadelphia na jezi ileile.

Kile kidole cha Mutombo nacho. Anakubloku halafu anakutingishia kidole, hapana hapana hapana, siyo kwenye nyumba yangu, mpaka ligi ikaanza kumpa tekniko (faulo ya utovu wa nidhamu) akawa anawatingishia mashabiki badala ya mchezaji. Leo mtoto yeyote anayebloku mtu uwanja wa mtaani anatingisha kidole, hata kama Mutombo mwenyewe hamjui.

Kwahiyo Mutombo namba 2, nyota 4 na nusu. Embiid namba 3, nyota 4. Siku Embiid akifika fainali tutaongea upya, nafasi anayo, mwili ndo sijui. (Hospitali aliyojenga Mutombo Kinshasa, Biamba Marie, jina la mama yake, ilifunguliwa 2007. Hiyo sikuihesabu kwenye nyota, ningeihesabu mngesema napendelea.)

Namba 4 Serge Ibaka, Brazzaville, na hapa wengine watalalamika kwamba Oklahoma alikuwa pawafowadi (nafasi ya jirani na senta). Kweli, ila Toronto kacheza senta na ndo alikopata pete ya ubingwa. Kaongoza ligi kwa wastani wa bloku misimu miwili, 2012 na 2013, mara tatu timu ya kwanza ya walinzi bora. Na kumbukeni ile mechi ya 7 ya 2019 iliyomliza Embiid, Ibaka alitokea benchi akapiga 17, bila hizo ule mpira wa Kawhi usingekuwa na maana yoyote. Timu ile kaijenga Masai Ujiri ambaye mama yake ni Mkenya, kwahiyo hata Afrika Mashariki tuna kipande chetu kwenye lile kombe, tusinyimane. Nyota 3 na nusu.

Namba 5 Manute Bol wa Sudan, mita 2.31, Mdinka. Msimu wake wa kwanza 1985/86 bloku 397, na kwa maisha yake yote bloku nyingi kuliko pointi, 2,086 kwa 1,599. Mwembamba mno, akikutana na senta mwenye kilo anasukumwa mpaka kwenye kamera. Lakini kama unataka kitu kimoja tu kifanyike, kinafanyika. Nyota 3.

Namba 6 Bismack Biyombo, na huyu nawaambia ni wa kwetu, mtoto wa Lubumbashi kule wanakoongea Kiswahili chao cha Katanga. Wa 7 kwenye drafti ya 2011. Hafungi, hadribo, mitupo huru usiangalie. Ila 2016 fainali ya Mashariki Toronto wanacheza na Cleveland ya LeBron, mechi ya 3, kachukua ribaundi 26. Ishirini na sita. Na kidole cha Mutombo alikirithi pia. Orlando wakaona hiyo wakampa dola milioni 72 kwa miaka minne, hapo walinunua mechi moja kwa bei ya duka zima, lakini kosa sio lake. Msimu wa 2021/22 Phoenix mshahara wake wote alisema unaenda kujenga hospitali Kongo kwa kumbukumbu ya baba yake. Nyota 2 na nusu.

Haya sasa, najua mlikuwa mnasubiri. Hasheem Thabeet.

Mtanzania wa kwanza NBA, mtoto wa Dar, mita 2.21, na 2009 Memphis Grizzlies walimchukua wa 2. Wa PILI. Nyuma ya Blake Griffin tu. Wa 3 akawa James Harden, wa 7 Steph Curry. Kila ikiandikwa orodha ya drafti zilizofeli jina letu limo, na Wamarekani wakianza kucheka sisi tunakasirika bila kuangalia kilichotokea.

Kwanza haikuwa kubahatisha. Connecticut chuoni alikuwa moto kweli, mlinzi bora wa vyuo vyote mara mbili, na mchezaji bora wa ligi ya vyuo ya Big East 2009 kwa kugawana na DeJuan Blair. Pale chuoni unasimama chini ya ringi, unanyoosha mkono, wanaogopa kuja. NBA hawaogopi, wanakutoa. Wanamleta mtu unayemlinda kuweka skrini (anasimama kuwazibia walinzi njia) juu kabisa karibu na mstari wa pointi 3, inabidi utoke, ukitoka gadi anakuzunguka, na hapo miguu ya Thabeet ilikuwa haiendi. Akichelewa anafanya faulo, akifanya faulo mbili za haraka kocha anamkalisha. Angalieni mechi zake za Memphis, pasi nzuri kabisa zinampita mikononi, mpira unamgonga kifuani unatoka nje, na hicho kitu ukianza basketi na miaka 15 kinahitaji marudio maelfu na dakika za kukosea. Dakika hizo Memphis hazikuwepo. Mwaka uleule wamemleta Zach Randolph, na Marc Gasol yuko pale anapanda kila wiki. Msimu wa kwanza pointi 3.1 na bloku 1.3 kwa mechi, kabla haujaisha wakampeleka ligi ndogo, Dakota, na kwa mchezaji wa drafti ya juu namna ile ilikuwa haijawahi kutokea. 2011 wakamuunganisha kwenye biashara ya kumleta Shane Battier. Akapita Houston, Portland, Oklahoma, mechi 224 kwa jumla, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7.

Nyota 1 na nusu. Kwa bei ile siwezi kupandisha. Lakini wale wanaosema hakuwa na kitu, hapana, Hakeem naye kaanza na miaka 15 ila alikuja na miguu ya golikipa, Thabeet alikuja na urefu. Na Hakeem Houston walimpa timu nzima, huyu walimpa benchi nyuma ya Gasol. Angechukuliwa wa 20 na timu yenye subira leo tungekuwa tunamuongelea kama Biyombo, miaka kumi ya bloku na mshahara mzuri, hakuna anayemcheka.

Ambaye simpi nyota bado ni Khaman Maluach. Msudani Kusini aliyekulia Uganda, basketi kaanza 2019 tu, akapita Duke, 2025 akachukuliwa wa 10 akaishia Phoenix. Mimi nitamwangalia kitu kimoja, wakimtoa nje kwenye skrini miguu inafanya nini.

Na wewe ambaye hujawahi kuona chochote kati ya hivi na bando lako dogo, usianze na pointi 70 za Embiid. Anza na Hakeem na Robinson 1995, mechi ya 2, halafu Denver na Seattle mechi ya 5. Robo ya nne tu inatosha.